Haba na Haba: Sayansi ya Kuchangisha Fedha za Kampeni kwa Barua Pepe na Simu

Utangulizi

Kila uchaguzi una gharama zake. Magari hayana budi kupata petroli, vipaza sauti hukodishwa, mabango huchapwa, na mawakala wanaolinda kura vituoni hawana budi kula. Katika wilaya kama Ngara, ambayo vijiji vyake vimetawanyika vilimani kutoka Rulenge hadi Kabanga na Rusumo, au katika Biharamulo, mgombea anayetaka kuonana na wapiga kura husafiri masafa marefu. Fedha za shughuli hizo hutoka wapi? Makala haya yanaeleza njia moja mpya ya kuzipata, yaani kuwaomba wafuasi wengi mchango mdogo mdogo kwa barua pepe na kwa simu, pamoja na hesabu iliyojificha nyuma ya ombi hilo.

Gharama ya kuomba

Mchango mdogo si jambo geni nchini. Mwalimu Julius Nyerere alipokwenda New York mwaka 1955 kuhutubia Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, safari yake iliwezeshwa na michango iliyokusanywa na TANU. Lakini ukusanyaji wa zamani ulikuwa na kikwazo kimoja: kuomba kwenyewe kulikuwa na gharama. Mkusanyaji akisafiri siku nzima kwa baiskeli kufuata shilingi elfu moja, huenda chakula chake kikazidi alichokipata. Kwa sababu hiyo vyama vingi duniani vimeelekea kuwategemea matajiri wachache. Hapo ndipo penye hatari. Mfadhili mmoja aliyetoa mamilioni aweza kudai fadhila baada ya ushindi. Watu elfu kumi waliotoa shilingi elfu moja moja hawawezi kufanya hivyo kwa urahisi.

Barua pepe ilibadili hesabu hiyo. Kumwandikia mtu wa milioni moja hakugharimu zaidi sana kuliko kumwandikia wa kwanza. Nchini Marekani dalili za awali zilionekana mwezi Februari 2000, wakati Seneta John McCain, baada ya kushinda kura za mchujo za New Hampshire, alipokusanya zaidi ya dola milioni moja kwa intaneti katika muda wa siku mbili hivi. Mwaka 2008 Barack Obama, ambaye asili ya baba yake ni Kogelo, kaunti ya Siaya nchini Kenya, alichangiwa na watu zaidi ya milioni tatu, wengi wao kwa kiasi kidogo.

Jaribio la mwaka 2007

Mafanikio hayo hayakuletwa na ufasaha peke yake. Yaliletwa pia na njia ya kisayansi ambayo kila mwanafunzi wa fizikia au baiolojia anaifahamu: badili kitu kimoja, linganisha, kisha pima.

Mwezi Desemba 2007 wataalamu wa Obama walitaka watu wengi zaidi waandikishe anwani zao za barua pepe katika tovuti ya kampeni. Walitengeneza namna 24 za ukurasa wa kwanza, kwa kubadilisha picha au filamu na maneno ya kitufe cha kubofya. Wageni 310,382 wakagawanywa kwa nasibu, kila namna ikaonwa na watu wapatao 13,000. Ukurasa wa awali uliandikisha asilimia 8.26 ya wageni wake. Ukurasa ulioshinda, wenye picha ya familia ya mgombea na kitufe chenye maneno ya kumwalika msomaji ajifunze zaidi, uliandikisha asilimia 11.6. Kwa kila wageni 100,000 tofauti hiyo ni watu 3,340. Jambo la kuzingatia ni kwamba wafanyakazi wengi wa kampeni walipendelea filamu, na filamu zote zikashindwa na picha.

Mwaka 2012 njia hiyo iliendelezwa katika barua zenyewe. Kabla ya kutuma barua moja ya mwezi Juni, vichwa kadhaa vya barua vilijaribiwa kwa makundi madogo ya wafuasi. Kilichoshinda kilisema kwamba mgombea atazidiwa na mpinzani kwa matumizi ya fedha. Barua hiyo iliingiza zaidi ya dola milioni 2.6. Wataalamu walikadiria kwamba kichwa kilichoshika mkia kingeingiza takriban dola 400,000 tu.

Matokeo hayo yanatufunza tabia ya binadamu. Watu huogopa kushindwa kuliko wanavyotamani kushinda. Huitika haraka wakiambiwa muda unakwisha. Na aliyekwisha kutoa kidogo huwa mwepesi wa kutoa tena.

Hali ya Tanzania

Nchini Tanzania barua pepe haikupata nafasi hiyo. Nafasi yake ilishikwa na simu ya mkononi, hasa baada ya huduma ya M-Pesa kuanza nchini mwaka 2008. Mkulima wa kahawa wa Ngara asiye na akaunti ya benki aweza sasa kutuma mchango wa harusi, wa msiba au wa chama bila kuondoka nyumbani.

Nguvu ya njia hiyo ilionekana mwezi Machi 2020. Mahakama ya Kisutu iliwatoza viongozi wa CHADEMA, pamoja na aliyekuwa katibu mkuu wao, faini ya jumla ya shilingi milioni 350. Chama kikawaomba wafuasi wachange, na michango ikatumwa kwa simu na benki katika siku chache. (Mahakama Kuu ilitengua hukumu hiyo mwaka 2021.) Mwaka 2025 chama hicho kilianzisha mchango ulioitwa Tone Tone. CCM nayo, mwezi Agosti 2025, ilifanya harambee katika ukumbi wa Mlimani City, Dar es Salaam, ikilenga shilingi bilioni 100.

Zoezi la darasani

Tuseme shule moja ya Biharamulo ina orodha ya wahitimu 2,000, nayo yataka kuchangisha fedha za maabara. Majina 200 yanachaguliwa kwa kura. Mia moja wanaombwa shilingi 5,000 kila mmoja. Mia wengine wanaombwa shilingi 10,000. Katika kundi la kwanza wanatoa watu 6. Katika la pili watu 4. Ujumbe upi ni bora?

Ukihesabu watu, wa kwanza umeshinda. Ukihesabu fedha, wa pili umeshinda, kwani 40,000 ni zaidi ya 30,000. Basi lengo halina budi kutajwa kabla ya jaribio, si baadaye.

Tena, je, tofauti ya 6 na 4 ni ya kweli? Rusha sarafu mara 10. Mgawanyo wa 6 kwa 4, au uliopotoka zaidi ya huo, hutokea karibu mara 3 katika kila mirusho 4 ya namna hiyo. Basi 6 kwa 4 haithibitishi kitu. Lakini sarafu ikirushwa mara 100, mgawanyo wa 60 kwa 40 au zaidi hutokea takriban mara 6 tu katika 100. Uwiano ni ule ule. Kilichoongezeka ni idadi, na pamoja nayo uhakika.

Tahadhari

Chombo kinachomwezesha mnyonge kuchangia humwezesha pia tapeli kuiba. Ni Watanzania wachache wenye simu ambao hawajapata kupokea ujumbe wa kuwataka watume fedha kwenye namba fulani. Tapeli naye hutumia hofu na haraka. Kwa hiyo mwenye busara hahakiki namba kwa kuupigia ujumbe wenyewe, bali huihakiki katika ofisi au tangazo rasmi la chama.

Orodha ya majina ni mali nyeti vilevile, kwa maana huonyesha nani anaunga mkono nani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inasimamia utunzaji wa taarifa za namna hiyo, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inamtaka mgombea atoe hesabu ya fedha zake. Mchangiaji wa shilingi elfu moja ana haki ya kuuliza zilivyotumika sawa na wa milioni mia.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini wageni wa tovuti waligawanywa kwa nasibu, badala ya kila mmoja kujichagulia ukurasa?
2. Katika zoezi la shule, wahitimu 1,800 waliosalia wangetoa kiasi gani kwa kila ujumbe iwapo uwiano usingebadilika?
3. Andika ujumbe wa kuomba mchango usiotia hofu wala kuharakisha. Kisha jadili: ukweli na ushawishi hutengana wapi?