Mshunami na Mwanawe Ugenini: Somo kwa Familia Zinazotumwa Mbali na kwa Sharika Zinazozituma

Msingi wa somo: 2 Wafalme 4:8-37 na 2 Wafalme 8:1-6



Katika sharika zetu zipo familia zilizowahi kukaa Ujerumani kwa masomo au kwa mpango wa kubadilishana watumishi, na nyingine zinajiandaa kwenda. Nyingi kati ya hizo zina watoto wadogo. Kila mara kamati zinapokutana kupitisha jina la mtumishi, maswali huwa juu ya nauli, mkataba na nani atashika nafasi yake. Swali la watoto huulizwa mwishoni, au haliulizwi kabisa. Kwa sababu hiyo tumeona vema somo la robo hii lihusu familia inayomtegemea Mungu katika nchi ya kigeni, na wajibu wetu sisi tunaobaki.

Tungeweza kuchagua safari ya Yusufu, Mariamu na mtoto Yesu kwenda Misri (Mathayo 2), ambayo wengi tunaifahamu. Tumemchagua mama wa Shunemu kwa sababu Biblia inatuonyesha hatua zote tatu za safari yake: kuondoka, kukaa na kurudi. Hatua ya tatu ndiyo tunayoisahau mara nyingi.

1. ALIKUWA NYUMBANI KWAKE

Mama huyu hakuwa mtu wa kuhangaika. Alikuwa na mume, shamba, na nyumba ambayo alimwongezea Elisha chumba cha juu chenye kitanda, meza, kiti na taa. Elisha alipotaka kumwombea neno kwa mfalme, alijibu kwamba yeye anakaa kati ya watu wake (4:13). Maana yake ni kwamba hana haja ya kujulikana ikulu. Ana ndugu na majirani, na hao wanamtosha.

Sisi tunaielewa lugha hiyo. Mtu aliye kati ya watu wake, mtoto akiugua usiku anabisha hodi kwa jirani. Mama akijifungua, bibi anakuja na uji. Wengi wetu tunasema tunamtegemea Mungu, na ni kweli. Lakini Mungu ametutunza kwa mikono ya watu hao. Siku tunapoondolewa katikati yao ndipo tunapojua jinsi tulivyokuwa tumeshikiliwa.

Mama huyu alipewa mtoto, mtoto akafa, na Bwana akamrudishia akiwa hai. Basi alikwisha kujua uchungu na wema wa Mungu kabla hajaambiwa aondoke.

2. KUONDOKA (8:1-2)

Elisha alimwambia aondoke yeye na watu wa nyumbani mwake, kwa kuwa njaa ya miaka saba ilikuwa inakuja. Tuone mambo mawili.

Kwanza, hakuambiwa nchi ya kwenda. Aliambiwa akakae popote atakapoweza kukaa. Aliondoka akiwa na neno la Mungu bila anwani, akaishia katika nchi ya Wafilisti, watu ambao Israeli ilipigana nao mara nyingi. Imani yake haikuwa ya kujua kila kitu mapema.

Pili, aliondoka pamoja na nyumba yake. Habari ya mumewe haitajwi tena katika sura ya 8. Huenda alikuwa amekwisha kufa, kwa maana alikuwa mzee. Mtoto hakuachwa nyuma.

Hapa pana jambo zito kwa wazazi wetu. Wengine huona heri mtoto abaki kwa bibi, ili masomo yasikatike na gharama zipungue. Hatuwezi kuamua kwa niaba ya kila nyumba, maana zipo hali zinazolazimisha. Lakini kamati inayomtuma mtumishi kwa miaka mitatu au zaidi isichukulie kwamba watoto ni mizigo inayoweza kufuata baadaye. Miaka mitatu katika maisha ya mtoto wa miaka minne ni karibu umri wake wote.

Kumtegemea Mungu hakuondoi maandalizi. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vishughulikiwe mapema, kwa kuwa hati ya kusafiria ya mtoto huanzia hapo. Kadi za kliniki zisiachwe nyumbani. Ujerumani ina sheria iliyoanza Machi 2020 inayodai uthibitisho wa chanjo ya surua kabla mtoto hajapokelewa chekechea. Tena mtoto akifika umri wa miaka sita hivi ni lazima aende shule. Mzazi haruhusiwi kumfundisha nyumbani badala ya shule kwa kuwa mtoto hajui lugha. Mzazi anayeyajua hayo kabla ya safari anaomba akiwa na utulivu zaidi.

3. KUKAA (8:2)

Biblia inatumia maneno machache sana kusema kwamba alikaa ugenini miaka saba. Hatuambiwi alikula nini, wala mwanawe alicheza na nani. Lakini aliyewahi kukaa ugenini na watoto anajua kwamba ndani ya miaka hiyo mna asubuhi nyingi.

Mama mmoja wa kwetu, muuguzi kwa taaluma, alichukua likizo bila malipo akamfuata mumewe kaskazini mwa Ujerumani pamoja na watoto wawili, mmoja wa miaka mitano na mwingine wa miaka miwili. Alitusimulia majira ya baridi ya kwanza. Mwezi Desemba, saa kumi jioni giza lilikuwa linaingia. Nyumbani alikuwa mtu wa kuitwa usiku wadini wagonjwa wanapozidiwa. Kule alishindwa kusoma maelekezo ya dawa ya kikohozi. Mtoto mkubwa alikaa chekechea karibu miezi mitatu bila kusema neno, kisha akirudi nyumbani analia kwa saa nzima. Baba yake alikuwa anahubiri na kupokewa vizuri kila Jumapili, na mama anasema ilikuwa vigumu kumwambia kwamba nyumbani hali si nzuri.

Nini kiliwasaidia? Anataja mambo matatu, na yote ni madogo.

La kwanza ni mzee mmoja mwanamke wa usharika ule, mjane, aliyekuja kila Jumanne. Alikuwa hajui Kiswahili wala Kiingereza. Alikaa jikoni na watoto wakakanda mkate, naye akawatajia kila kitu jina lake. Katika jikoni hilo mtoto alianza kusema. Mama anasema alikuwa ameomba Mungu aondoe upweke, naye Mungu akamtuma mtu asiyeelewana naye kwa maneno.

La pili ni Kiswahili. Mtoto alipoanza kusema Kijerumani hakunyamaza tena, akawa anawajibu wazazi kwa lugha hiyo. Wakaweka utaratibu kwamba Kijerumani ni cha shule na cha wageni, mezani na katika sala ni Kiswahili. Kumbukumbu la Torati 6:6-9 inawaagiza wazazi kuwafundisha watoto neno la Mungu waketipo nyumbani, watembeapo njiani, walalapo na waondokapo. Agizo hilo halina mipaka ya nchi. Mtoto aliyepoteza Kiswahili, akirudi hataweza kusali pamoja na bibi yake.

La tatu ni simu kutoka nyumbani. Si simu za kuomba fedha, ambazo zilikuwa nyingi, bali simu ya mwenyekiti wa kikundi cha wanawake cha mtaa wao. Kila mwezi alipiga kuuliza watoto wanaendeleaje, kisha wakaomba pamoja. Mama mkwe alipofariki, nao hawakuweza kusafiri, walifuatilia ibada ya mazishi kwa simu. Usharika wa kule ukaja kukaa nao jioni ile, kama sisi tunavyokaa matanga.

Ndipo tunapoona maana ya Yeremia 29:4-7. Waliohamishwa Babeli waliagizwa kujenga nyumba, kupanda bustani, kuoa na kuzaa, na kuuombea mji waliomo. Kumtegemea Mungu ugenini si kukaa na masanduku yaliyofungwa ukihesabu siku. Ni kuruhusu watoto wapate marafiki hapo walipo, ukijua kwamba watakuja kuwaaga.

4. SI KILA FAMILIA INARUDI SALAMA

Tusifundishe kwamba mwenye imani hapatwi na hasara ugenini. Historia ya Injili katika pwani yetu inatukataza kusema hivyo.

Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, mzaliwa wa Württemberg, Ujerumani, alifika Mombasa pamoja na mkewe Rosine. Mwezi Julai mwaka huohuo, siku chache baada ya kujifungua mtoto wa kike, Rosine alikufa kwa homa. Mtoto naye akafa muda mfupi baadaye. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Aliendelea na kazi, na kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Hatutaki kusema kwamba kamusi ililipa kaburi. Haiwezekani. Mshunami naye alimbeba mwanawe akiwa maiti kabla ya kumpokea akiwa hai, na Biblia haifichi kwamba nafsi yake ilikuwa na uchungu (4:27). Tunachojifunza ni kwamba familia inayomtegemea Mungu ugenini inaweza kulia mbele zake, na kilio hicho si upungufu wa imani. Basi familia ikitupigia simu kwa machozi, tusiikemee kwa mistari ya Biblia. Tuisikilize.

5. KURUDI (8:3-6)

Miaka saba ilipokwisha mama alirudi, akakuta nyumba na shamba lake haviko tena mikononi mwake. Yule aliyesema hahitaji neno kwa mfalme, sasa alikwenda kumlilia mfalme. Wakati uleule Gehazi alikuwa akimsimulia mfalme jinsi Elisha alivyomfufua mtoto. Mama akaingia na mwanawe. Mfalme akaagiza arudishiwe mali yake yote, pamoja na mazao ya shamba tangu siku alipoondoka.

Ndugu, Mungu alimrudishia kwa njia ya mtu aliyeikumbuka habari yake na kuisema mahali panapohusika. Je, kama hakuna aliyekuwa anaisema?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 45, inasema kuwa ardhi ya hakimiliki ya kimila yaweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa ikiwa haikutumiwa kwa muda usiopungua miaka mitano, au ikiwa mwenyewe ameondoka nchini bila kuweka mtu wa kuisimamia na bila kuitaarifu halmashauri ya kijiji. Kwa sheria hiyo, miaka saba ya Mshunami ingetosha kabisa. Barua moja kwa halmashauri ya kijiji, yenye jina la msimamizi, na nakala katika ofisi ya usharika, inaweza kuzuia machozi mengi.

Watoto nao wana shamba lao la kurudishiwa. Mtoto aliyeanza shule Ujerumani akirudi na umri wa miaka kumi anaingia darasa linalofundishwa kwa Kiswahili asichoweza kukiandika, na mtihani wa taifa wa upimaji wa darasa la nne uko karibu. Wenzake wanamcheka matamshi. Wazazi wanasema amerudi nyumbani, lakini yeye moyoni anaona ndiyo kwanza amefika ugenini. Mtoto huyo anahitaji mwalimu wa Jumapili atakayekuwa kwake kama yule mjane wa Jumanne.

WAJIBU WETU

Kwa kamati za sharika tunashauri: kabla familia haijaondoka, iwepo ibada ya kuwaombea wote, watoto wakitajwa kwa majina. Ateuliwe mtu mmoja wa kuwapigia simu kila mwezi, na mwingine wa kutazama nyumba na shamba. Miezi sita kabla ya kurudi, kamati izungumze na shule.

Kwa marafiki wanaotuchangia: bajeti ya kumtuma mtumishi iwe na fungu la masomo ya lugha kwa mwenzi wake, na fungu dogo la mwaka wa kwanza wa watoto baada ya kurudi. Fedha hizo hazionekani katika picha za taarifa, lakini zinashika nyumba isianguke. Nasi tufanye vivyo hivyo kwa familia za wageni wanaotumwa kwetu. Mtoto mgeni aliye katika mtaa wako anasubiri Jumanne yake.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mshunami alisema anakaa kati ya watu wake. Taja watu ambao Mungu anakutunza kwao sasa. Ungewakosa, ungebaki na nini?
2. Katika usharika wetu, ni familia ipi iko mbali leo? Nani aliongea nayo mwezi huu?
3. Mtoto akirudi hajui Kiswahili vizuri, darasa letu la Jumapili litampokeaje?
4. Gehazi alikuwa akisimulia habari njema ya mama huyu asipokuwepo. Sisi tunawasema vipi walioko ugenini?

SALA

Ee Bwana, uliyemlinda Mwanao akiwa mtoto mgeni katika nchi ya Misri, walinde watoto wetu walio mbali. Wape wazazi wao ujasiri wa asubuhi na utulivu wa usiku. Uwainulie mtu wa kubisha hodi mlangoni pao. Nasi tuliobaki, utufanye waaminifu kwa nyumba zao, mashamba yao na majina yao, hata watakaporudi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.