Dondoo Muhimu: Kauli Njema Kati ya Wahudumu wa Hospitali

Dharau kati ya wahudumu humfikia mgonjwa asiyehusika. Mwaka 2015 watafiti nchini Israeli walichapisha matokeo ya zoezi la timu 24 za wodi za watoto wachanga mahututi: zilizobezwa na mgeni zilifanya vibaya zaidi kutambua ugonjwa na kutoa tiba.

Kwa hiyo kazi ianze kwa majina. Orodha ya usalama wa upasuaji ya WHO, iliyojaribiwa katika hospitali 8 duniani, moja ikiwa Ifakara, Tanzania, inataka kila mmoja ajitambulishe kwa jina na kazi yake kabla ya kisu kugusa ngozi. Muuguzi aliyekwisha kusikika hupata ujasiri wa kusema, "Daktari, subiri kidogo." Na sentensi hiyo huokoa maisha.

Aliyekosea arekebishwe faraghani, si mbele ya mgonjwa wala wanafunzi. Hatari ikiwa ya papo hapo, asimamishwe kwa maneno machache, lawama zingoje.

Wakati wa kukabidhiana zamu, simu zikae mfukoni. Mhudumu wa usafi naye asalimiwe kwa jina. Daktari bingwa akivuka mpaka, daktari mwenzake wa ngazi ileile amwite pembeni siku hiyohiyo, kabla uongozi haujaandika barua.