Moto uleule, digri mbalimbali

Sisi wa mwaka wa tatu tunaomba nafasi kidogo juu ya fizika. Wengine watasema: fizika tena! Ngojeni kwanza, kwa maana tutafika mpaka jikoni, kwenye yale maneno ya makala yaliyoleta fujo katika interna mwezi uliopita.

Mwalimu alitupa misumari ya nusu kilo. Tuliifunga kwa uzi, tukaitia ndani ya maji yanayochemka. Huku kwetu kando ya Ziwa Tanganyika maji yanachemka kwa digri 97 hivi, si 100 sawa kitabu kinavyosema, sababu ziwa liko karibu metre 770 juu ya bahari, na hewa inakandamiza maji kidogo kuliko kule pwani. Kiisha tukaitoa mbio na kuitumbukiza ndani ya nusu kilo ya maji ya digri 25. Swali: termometa itasimama wapi?

Kikundi chetu hakikungoja. 97 na 25 ni 122, gawanya kwa mbili, 61. Tukaandika 61 ndani ya kaye, mmoja wetu akaenda zake kucheza mpira. Tunasema kweli, termometa hatukuiangalia hata kidogo. Kikundi kingine kiliiangalia, kikaandika 31. Tukawacheka, tukasema termometa yao imekufa.

Mwalimu hakukasirika. Alisema: «Rudieni, lakini sasa pahali pa misumari tieni nusu kilo ya maji ya moto.» Tukafanya. Termometa ikapanda mpaka 60. Basi ilikuwa nzima! Tukarudia na misumari, sisi wote macho juu ya kioo: 30, 31, ikakaribia 32, ikasimama. Ile 61 tuliikata kwa wino mwekundu mbele ya kilasi yote, na haikuwa tamu.

Juu ya nini vile? Moto unaoingia ndani ya kitu ni jambo moja, na digri zinazoonekana kwa termometa ni jambo lingine. Kilo moja ya maji, ili ipande digri moja, inaomba jule 4190 hivi. Kilo ya chuma inaomba 450 tu. Aluminiumu inaomba 900, shaba 390, mafuta ya kupikia karibu 2000. Misumari yetu ilikuwa na digri nyingi lakini moto kidogo wa kutoa. Hesabuni wenyewe: ikiwa termometa inasimama kwa 32, chuma kimeshuka digri 65 na maji yamepanda 7. 65 mara 450 ni 29 250. 7 mara 4190 ni 29 330. Karibu sawasawa. (Hiyo ni kwa kilo moja moja, kwa nusu kilo mtagawanya.) Sisi tulipata pungufu kidogo, kwani misumari ilipoa njiani.

Zamani hata wenye elimu walidanganyika. Walifikiri kitu kizito ndicho kinakula moto mwingi. Karibu mwaka 1760, huko Glasgow katika Scotland, Joseph Black aliona kwamba zebaki, ambayo ni nzito kupita maji mara 13 na zaidi, inapata joto upesi kuliko maji. Basi haifai kukisia kwa uzito, inafaa kupima.

Ziwa letu nalo linafundisha. Saa nane ya mchana mchanga unachoma nyayo, na maji yako baridi, na jua ni lile lile moja. Ni kweli pia kwamba jua linaingia chini sana ndani ya maji na mawimbi yanayachanganya, si ile 4190 peke yake. Kwa hiyo mchana upepo unatoka ziwani, na usiku, nchi ikiisha kupoa, unashuka kuelekea ziwa. Wavuvi wa ndagala walijua hayo mbele yetu.

Sasa jikoni. Makala yalikwisha mbele ya wakati, na wengine wakasema: tuache kuchemsha maji, tunywe tu ya ziwa. Na sisi wote tunajua kwamba kolera inarudi pande hizi mara kwa mara. Tulikaa na kaye. Bidoni moja ni litre 20. Toka digri 25 mpaka 97 ni digri 72. 20 mara 4190 mara 72, tunapata jule milioni 6. Kilo ya makala makavu inatoa karibu milioni 30, lakini juu ya mbabula wazi labda fungu moja tu kwa tano linaingia ndani ya sufuria. Basi kilo moja kwa bidoni moja ingetosha. Tulipima siku mbili: ilikuwa kilo mbili na zaidi!

Ile nyingine inakwenda wapi? Katika mvuke. Sufuria ilikuwa inachemka nusu saa nzima, tena bila kifuniko. Litre moja ikigeuka mvuke inakula jule 2 260 000, moto wa kuchemsha litre saba zingine. Na kwa kuua kolera, maji yakichemka kwa nguvu dakika moja yanatosha.

Tulipeleka hesabu kwa Bwana Prefe, naye akatutuma kwa Mama mpishi. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: «Wanangu, hayo ya mvuke mimi nayajua tangu zamani. Lakini kifuniko kimepotea tangu Pasaka.»

Kilipatikana siku ileile, chini ya kitanda katika chumba chetu cha kulala. Wengine walikuwa wanakipiga sawa ngoma. Juma hili tumepima tena: kilo moja na robo kwa bidoni.