Usimkatizie mtoto insulini

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka 11 amepatikana na kisukari na anadungwa insulini kila siku. Jirani anasema ukishaanza sindano huachi tena, afadhali nimjaribishie mitishamba kwanza. Tena nyumbani hatuna friji. Nifanyeje? – Mama, Kangemi.

JIBU: Pole, mama. Usiikatize insulini hata siku moja.

Kisukari anachokijua jirani huenda ni kile cha watu wazima, ambacho wengi hukituliza kwa vidonge kama metformini. Cha watoto kwa kawaida ni aina ya 1: kinga ya mwili imeziua chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Hakuna mzizi unaozifufua. Ni kweli mwanao hataacha sindano, lakini hajazoeshwa na dawa. Anatiliwa kile ambacho mwili wake hauna tena.

Zamani mtoto kama huyo alinyimwa chakula ili sukari isipande, akakonda hadi kufa. Januari 1922, mjini Toronto, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alikuwa amebaki na kilo 30 hivi. Sindano ya kwanza ya insulini ilimfanyia jipu tu. Mwanakemia James Collip akaisafisha dawa, na siku 12 baadaye alipodungwa tena sukari ikashuka. Aliishi miaka 13 zaidi. Wagunduzi wa insulini waliiachia hataza yao Chuo Kikuu cha Toronto, kila mmoja kwa dola 1, na inaniuma kuona wazazi wa Nairobi leo wakiruka dozi kwa kukosa pesa. Kliniki ya kisukari ya Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, waulize kuhusu mpango wa Changing Diabetes in Children, unaosaidia watoto kupata insulini bure.

Kuhusu friji: weka insulini katika chungu kidogo, nacho ndani ya kikubwa, katikati jaza mchanga, uulowanishe asubuhi na jioni, ufunike kwa kitambaa kibichi, kivulini. Chupa iliyofunguliwa itumike kwa wiki 4 tu. Zilizofungwa omba kituo cha afya kikuwekee. Ukitoka mjini na dawa, usiiache juani kwenye dirisha la matatu.

Akitetemeka na kutoka jasho, mpe soda yenye sukari au maji ya sukari mara moja. Akitapika, tumbo likimuuma na akihema kwa nguvu, mkimbize hospitali usiku huohuo.