MADA YA 9: SAA YA SEVA, UKANDA WA SAA NA MIHURI YA WAKATI YA MAFAILI

Malengo. Baada ya kusoma mada hii utaweza:
(a) kueleza tofauti kati ya kosa la saa na kosa la ukanda wa saa;
(b) kubadili muda wa UTC kuwa saa ya Dar es Salaam na saa ya Kiswahili;
(c) kutaja kwa mpangilio hatua za kurekebisha seva na mafaili yake.

9.1 Maana

Muhuri wa wakati ni tarehe na saa ambayo kompyuta huliandikia faili. Mihuri ya kawaida ni mitatu: faili lilipoundwa, lilipobadilishwa na lilipofunguliwa mara ya mwisho. Usiichanganye. Ukinakili faili kwenye Windows, nakala hupata muhuri mpya wa kuundwa lakini hubaki na muhuri wa zamani wa kubadilishwa. Ndiyo maana unaweza kukuta faili "lililobadilishwa" kabla "halijaundwa". Hilo si kosa.

UTC ni saa moja inayotumiwa na dunia nzima kama kipimo. Seva ya Linux huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa UTC. Windows ikitumia mfumo wa mafaili wa NTFS nayo hutunza mihuri kwa UTC. Ukanda wa saa ni maelekezo ya kuonyesha tu: huiambia mashine iongeze au ipunguze saa ngapi kabla ya kukuonyesha. Flashi nyingi hutumia mfumo wa FAT, ambao huandika saa ya mahali bila kutaja ukanda. Kwa hiyo faili la kwenye flashi linaweza kuonekana na saa tofauti likifunguliwa kwenye mashine yenye ukanda mwingine.

9.2 Saa ya Dar es Salaam

Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa 1. Afrika Mashariki hutumia saa ya longitudo 45 Mashariki: 45 ÷ 15 = 3. Hivyo saa yetu ni UTC + 3 mwaka mzima, iwe Kinondoni, Temeke, Kigoma au Zanzibar. Hatusogezi saa kwa majira kama wafanyavyo Uingereza. Kwenye Linux ukanda wetu huitwa Africa/Dar_es_Salaam. Kwenye Windows chagua mstari wa UTC+03:00 wenye jina la Nairobi. Saa ni ileile.

Kumbuka pia saa ya Kiswahili, maana mwenye kazi atakwambia "nilihifadhi saa tatu usiku" na seva itasema 21:00. Tumia kanuni hii:
- 07:00 hadi 18:59: toa 6. Mfano: 16:20 ni saa 10 na dakika 20 jioni.
- 19:00 hadi 23:59: toa 18. Mfano: 21:00 ni saa 3 usiku.
- 00:00 hadi 06:59: ongeza 6. Mfano: 01:00 ni saa 7 usiku.

Zingatia: seva hubadili tarehe saa 6 usiku. Mtu akisema "usiku wa Ijumaa", muulize kama ni usiku wa kuamkia Ijumaa au wa kuamkia Jumamosi.

9.3 Kosa ni lipi?

Chukua simu yenye saa sahihi, toa saa 3 upate UTC, kisha ulinganishe na UTC ya seva. Kwenye Linux andika timedatectl. Utaona saa ya mahali, UTC na ukanda.

- UTC ya seva ni sahihi, saa ya mahali si sahihi: kosa ni la ukanda.
- UTC ya seva si sahihi: kosa ni la saa yenyewe.
- Kila umeme ukikatika tarehe inarudi miaka ya nyuma: betri ndogo ya mviringo kwenye ubao mkuu imekwisha. Aina inayotumika sana ni CR2032 ya volti 3.

9.4 Mfano uliofanyiwa kazi

Shule moja ya Temeke ina seva ya kupokelea kazi za wanafunzi. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa saa 11 jioni (17:00). Ukanda wa seva uliachwa kwenye UTC, hivyo ilionyesha saa 3 nyuma. Fundi hakugusa ukanda; aliisogeza saa mbele kwa saa 3. Kioo cha seva kikaonekana sawa. Asha akahifadhi kazi yake saa 10 na dakika 20 jioni. Je, kompyuta ya mwalimu, yenye ukanda sahihi, itaonyesha saa ngapi?

Suluhisho:
Saa halisi = 16:20, yaani UTC halisi 13:20.
Seva iliandika UTC 16:20, kwa kuwa ilisogezwa mbele saa 3.
Kompyuta ya mwalimu: 16:20 + 3 = 19:20, yaani saa 1 na dakika 20 usiku.

Asha aliwahi kwa dakika 40, lakini anaonekana amechelewa saa 2 na dakika 20. Atanyimwa alama kwa kosa lisilo lake.

Madhara hayaishii hapo. Programu nyingi za kuhifadhi nakala hunakili faili pale tu muhuri wake unapokuwa mpya kuliko wa nakala iliyopo. Saa ikirudishwa sawa, kazi iliyosahihishwa saa moja baadaye itaonekana ya zamani kuliko nakala ya kwanza. Programu itairuka, na diski ikiharibika masahihisho yamepotea.

9.5 Hatua za kurekebisha

1. Usifungue wala kuhifadhi upya mafaili. Andika daftarini saa ya simu, saa ya seva na tofauti yake.
2. Tengeneza nakala inayotunza mihuri. Kwenye Linux tumia cp -a.
3. Rekebisha ukanda kwanza: timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam.
4. Kisha ruhusu seva ichukue saa mtandaoni: timedatectl set-ntp true. Kwenye Windows tumia w32tm /resync. NTP, utaratibu wa kusawazisha saa uliobuniwa na David Mills, hupita mlango wa UDP namba 123. Ukifungwa, saa haitasawazishwa.
5. Linganisha tena UTC ya seva na ya simu.
6. Tafuta mafaili yaliyoandikwa wakati wa kosa tu, uyatolee tofauti uliyoipima. Faili la Asha: touch -d "2024-05-17 16:20" kazi_asha.docx
7. Andika nani amerekebisha, lini, mafaili gani na kwa saa ngapi.

Ikiwa kosa lilikuwa la ukanda peke yake, ishia hatua ya 5. Mihuri iliyotunzwa kwa UTC ilikuwa sahihi tangu mwanzo; ukiigusa utaiharibu.

Faili likiwa na mgogoro, usibadili la asili. Fanyia kazi nakala. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu kumbukumbu za kielektroniki kupokelewa mahakamani, lakini uzito wake hutegemea jinsi zilivyotengenezwa na kutunzwa. Muhuri uliobadilishwa bila maelezo hudhoofisha ushahidi hata kama mwenye nao anasema kweli.

9.6 Maswali ya marudio

1. Faili lina muhuri wa 05:45 UTC. Taja saa hiyo kwa Kiswahili, Kinondoni.
2. Badili Jumatatu 22:30 UTC kuwa siku na saa ya Temeke.
3. Seva inaonyesha saa ya mahali 09:00 na UTC 09:00. Simu inaonyesha 12:00. Kosa ni nini, na mihuri ibadilishwe?
4. Kwa nini hatua ya 3 hutangulia hatua ya 6?

Majibu

1. 08:45, yaani saa 3 kasorobo asubuhi.
2. Jumanne 01:30, yaani saa 7 na nusu usiku. Tarehe imebadilika, wengi husahau hapa.
3. Ukanda umewekwa UTC. UTC ya seva ni sahihi (12 − 3 = 9), hivyo mihuri isiguswe.
4. Amri ya touch husoma saa uliyoandika kwa ukanda wa seva. Ukanda ukiwa bado UTC, 16:20 itaandikwa kama 16:20 UTC, na kosa la saa 3 litarudi palepale.