SANDUKU LENYE TUNDU NA SANDUKU LILILOZIBWA

Wengi wamepata kuniuliza kwa nini spika nyingine zina tundu katika sanduku lake na nyingine hazina. Wapo wanaodhani kuwa tundu hilo ni la kutolea joto, au ni pambo tu. Sivyo. Lina kazi kubwa, na anayetaka kununua spika au kujitengenezea sanduku yafaa aijue kazi hiyo kabla hajatoa fedha zake.

Kwanza, sanduku ni la nini? Koni ya spika iendapo mbele husukuma hewa ya mbele, na papo hapo huvuta ile ya nyuma. Pasipo sanduku, hewa iliyosukumwa huzunguka ukingo na kujaza pale ilipovutwa. Hivyo sauti nene hujifuta, tukabaki na nyembamba tu.

Sanduku lililozibwa huifungia hewa ya nyuma ndani. Hewa hiyo, kwa kuwa haina pa kutokea, huwa kama springi: koni ikiingia, hewa hubanwa, kisha huirudisha. Mwaka 1954 Edgar Villchur wa Marekani alitumia jambo hili katika spika iliyoitwa AR-1. Aliilegeza mishikio ya koni akaiachia hewa kazi ya springi, akapata besi nzuri katika sanduku dogo.

Sanduku lenye tundu lina hila nyingine. Chukua chupa tupu, upulize juu ya mdomo wake. Utasikia sauti moja nene. Hewa ya shingoni hucheza juu ya hewa ya tumboni kama uzito juu ya springi. Sanduku lenye tundu ni chupa hiyo hiyo, na mpulizaji ni mgongo wa koni. A. L. Thuras wa Bell Laboratories alipewa hati ya uvumbuzi huu mwaka 1932. Nimepiga hesabu ya sanduku la lita 40 lenye bomba la upana wa sm. 7 na urefu wa sm. 10: huimba karibu na mitikisiko 44 kwa sekunde. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hutikisika mara 41. Basi tundu huisaidia koni pale pale inapoanza kuchoka.

Je, lenye tundu ndilo bora? Tusiharakishe. Chini ya sauti ya tundu, hewa itokayo tunduni hupingana na ile ya koni, na koni hukosa springi ya kuizuia. Ukizidisha sauti, yaweza kuharibika. Tena huko chini, kila mitikisiko ipunguapo nusu, nguvu ya sauti hubaki sehemu moja katika 256 hivi. Katika sanduku lililozibwa hubaki sehemu moja katika 16.

Jaribu mwenyewe. Ziba tundu la spika kwa soksi nene, upige wimbo ule ule mara mbili. Besi itapungua, lakini sikiliza ngoma: huenda kila pigo likakatika upesi na kusikika wazi zaidi.

Shauri langu ni hili. Kwa chumba kidogo, na kwa mwanafunzi atengenezaye sanduku lake la kwanza, liwe la kuzibwa. Kuta husaidia besi, na kosa la lita mbili tatu halidhuru sana. Kwa ukumbi mkubwa na mashine yenye nguvu chache, tundu litafaa, ila lazima hesabu ifanywe kwa spika ile ile itakayotiwa humo. Neville Thiele wa Australia alionyesha njia ya hesabu hiyo mwaka 1961, kwa hiyo hakuna haja ya kubahatisha. Fundi akikutobolea tundu kwa kuigiza la jirani, amekutobolea mbao tu.

Nanyi mliokwisha maliza shule, mkiwa dukani msishangilie mshindo pekee. Ulizeni kwanza spika itakaa wapi.