Somo la Sayansi: Kuikinga Kompyuta na Radi

Masika yaingiapo Bomang'ombe, kati ya Machi na Mei, somo hili hufaa sana. Shabaha yake ni mwanafunzi aweze kueleza kwa nini kuzima swichi hakutoshi. Zana ni swichi kuukuu iliyofunguliwa, isiyounganishwa na umeme.

Mwalimu aanze kwa kuuliza: swichi ikizimwa, umeme unazuiwa na nini? Watoto wataona ni nafasi ndogo ya hewa. Nafasi hiyo huzuia volti 230 za nyumbani. Radi, iliyokwisha kupita kilometa kadhaa za hewa, haizuiliki nayo. Kwa hiyo plagi na waya wa antena vichomolewe kabla mvua haijafika.

Kisha wajifunze kuhesabu sekunde tangu umeme kumulika hadi ngurumo kusikika: kila sekunde tatu ni kilometa moja. Zikipungua 30, mtu asiguse waya wowote mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mwaka 2025 radi iliua wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, mkoani Geita. Mwalimu asimtume mtoto kuiokoa kompyuta.